Uzito ama Wingi? Kwanza Niambie Unalala Masaa Mangapi

Ingia jimu yoyote Nairobi. Iwe ile ya Westlands yenye kiyoyozi na vioo kila ukuta, ama ile ya mtaani kwetu, ukuta wa mabati, vyuma vyenyewe ni simiti iliyomwagwa ndani ya mikebe ya rangi ikakauka na bomba katikati. Uliza ufanye nini, na jibu ni lile lile: "Piga seti tatu za kumi." Nimepitia jimu tano tangu nimalize shule na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini tatu, ama kwa nini kumi. Ni kama amri ya kumi na moja.

Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimelala chali sakafuni, siwezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Wacha nieleze kidogo ndio tuelewane. Nilianza tizi nikiwa na miaka 19. Mkufunzi wa kwanza alitugawa siku hiyo hiyo: wavulana huku kwa vyuma vizito, wasichana kule kwa vidude vya kilo tatu, marudio 25, "ndio msikuwe na mwili ka wa wanaume." Nikafanya hivyo miezi sita. Nilichopata ni jasho. Halafu nikakutana na video za Wabulgaria wa zamani, watu waliokuwa wakiinua uzani wa mwisho kabisa wanaouweza, kila siku. Nikasema kumbe nimekuwa nikidanganywa, ukweli uko hapa. Nikahama jimu, nikapata mkufunzi mwingine aliyeamini hayo hayo, nikaanza kupiga skwati hadi mwisho wa nguvu zangu kila asubuhi kabla ya kazi. Wiki tano za kwanza, manze, nilikuwa napanda kama bei ya mafuta. Wiki ya saba mgongo ukakataa. Pesa nilizokuwa nimeweka za kodi ya nyumba zikaenda kwa matibabu. Mkufunzi akaniambia shida ni kwamba sikuwa na roho ngumu.

Hayo maneno yaliniuma kuliko mgongo, na ndiyo yalinipeleka kusoma historia. Nilitaka kujua kama ni kweli. Nilichopata ni kwamba huu ubishi wa uzito dhidi ya wingi una karibu miaka 80, kila upande umewahi kushinda, na karibu kila mshindi alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho na ile video haikukitaja.

Maneno kwanza, maana tukichanganya maneno tutabishana hadi usiku. Kilele chako ni uzani mkubwa zaidi unaoweza kuinua mara moja tu. Uzito, kwa lugha ya wanyanyuaji, ni asilimia ngapi ya kilele hicho umeweka kwa chuma. Wingi ni kazi yote uliyofanya: kilo mara marudio mara seti. Ukipiga benchi kilo 40, kumi kumi, mara tatu, umesogeza kilo 1,200. Jirani yako akipiga kilo 60 moja moja, mara tano, amesogeza 300. Yeye ana uzito, wewe una wingi. Nani kafanya tizi? Hapo ndipo ngumi huanzia.

Sasa turudi kwa zile seti tatu za kumi. Hazikutoka jimu. Zilitoka hospitali.

Mwaka wa 1944 na 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa askari wenye magoti yaliyovunjika na mapaja yaliyokonda kwa kukaa ndani ya plasta. Vitanda havikutosha kwa sababu watu walichukua muda mrefu kupona. Dawa ya wakati huo ilikuwa mazoezi mepesi, mara nyingi sana, bila kugusa kitu kizito. Kwa hospitali ya Gardiner jijini Chicago kulikuwa na daktari kijana anaitwa Thomas DeLorme. Huyu alikuwa na siri moja: alipokuwa kijana aliugua homa iliyoshika moyo, akalala kitandani miezi, na aliponyanyuka alijijenga upya kwa kuinua vyuma. Kwa hivyo aliamini kitu ambacho madaktari wenzake wengi waliogopa, kwamba msuli dhaifu unataka mzigo mzito, na mzigo uendelee kuongezwa.

Aliwapa askari vyuma. Wakapona haraka. Mwaka wa 1945 akachapisha matokeo yake, na kwa mpango huo wa kwanza mgonjwa alikuwa anafanya seti saba hadi kumi, kila moja marudio kumi. Hebu fikiria: marudio 70 hadi 100 kwa goti lililotoka kushonwa juzi.

Hapa ndipo nampendea huyu jamaa. Miaka mitatu baadaye, 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaandika tena, na safari hii wakajikosoa. Walisema wingi ule ulikuwa umezidi, ukipunguza mtu anaendelea vizuri zaidi. Wakashuka hadi seti tatu: ya kwanza kwa nusu ya mzigo ambao mtu anaweza kuurudia mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya mwisho kwa mzigo wote. Kwa hivyo hizo seti tatu za kumi tunazoimba zilizaliwa kama punguzo, daktari akijaribu kutomchosha mgonjwa. Na seti ya kazi kabisa ilikuwa moja. Sisi tumechukua namba tukaacha maana, tunapiga zote tatu na uzani ule ule hadi macho yanatoka.

Wakati DeLorme anaandika hayo, upande wa pili wa dunia Wasovieti walikuwa wanakaribia kuingia Olimpiki, na wao walichukulia unyanyuaji uzani kama serikali inavyochukulia barabara ama mabwawa. Kila mnyanyuaji aliandika daftari: kilo ngapi, mara ngapi, siku gani. Madaftari hayo yakakusanywa, watu wenye digrii wakayasoma. Arkady Vorobyev, bingwa wa Olimpiki mwaka wa 1956 na 1960, alikuwa pia daktari, akaja kuwa kocha mkuu. Mwingine ni A. S. Prilepin, ambaye jina lake bado linabishaniwa na watu wa vyuma hadi leo kwa sababu ya jedwali dogo alilotoa humo kwa madaftari.

Jedwali lenyewe linasema kitu rahisi sana. Ukiwa kati ya asilimia 70 na 80 ya kilele chako, fanya kama marudio 18 kwa jumla, ukiyagawa kwa seti za tatu hadi sita. Ukipanda kati ya 80 na 90, yashuke hadi kama 15, na kila seti iwe mbili hadi nne. Ukipita 90, moja moja ama mbili mbili, na jumla isipite kumi. Basi. Uzito ukipanda, wingi unashuka. Unatoa pesa kwa akaunti moja kwa kadi mbili, ukitoa sana kwa hii, ile nyingine itakataliwa. Wasovieti walifanya kazi yao nyingi pale katikati na waligusa kilele kwa nadra, wakipandisha na kushusha mzigo wiki kwa wiki kama mawimbi.

Na ilifanya kazi. Vasily Alekseyev, lile jitu la tumbo kubwa, mwaka wa 1970 alikuwa mtu wa kwanza kufikisha jumla ya kilo 600 kwa minyanyuo mitatu iliyoshindaniwa wakati huo, na hadi anamaliza alikuwa ameweka rekodi 80 za dunia. Ukiwa na rekodi 80, nani atakuambia mpango wako ni mbaya?

Akatokea Mbulgaria mmoja akasema ni mbaya.

Ivan Abadzhiev alikuwa amewahi kushinda fedha kwa mashindano ya dunia ya 1957 kule Tehran. Mwishoni mwa miaka ya sitini akapewa timu ya taifa. Bulgaria ni nchi ndogo, wakati huo haikufika watu milioni 9. Muungano wa Sovieti ulikuwa na zaidi ya milioni 240. Ukipigana na jitu kwa mbinu za jitu utapoteza, na nadhani Abadzhiev alilijua hilo mapema. Akatupa mazoezi mengi ya kando, akabaki na machache tu: ule mnyanyuo wa mkupuo mmoja, ule wa hatua mbili unaopitia mabegani, skwati, na jamaa zao wa karibu. Akatupa mawimbi pia. Kila siku mnyanyuaji alipanda hadi kilele cha siku hiyo. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Mwaka wa 1972, Olimpiki ya Munich, Bulgaria ikachukua dhahabu tatu na fedha tatu. Wasovieti nao walikuwa na dhahabu tatu, lakini kwa medali za fedha wakapitwa. Kanchi kadogo kamempita mwalimu. Kuanzia hapo kila mtu duniani akaanza kusema uzito ndio kila kitu, wingi ni wa waoga.

Lakini subiri. Hiki ndicho kitu ambacho video yangu haikusema. Wanyanyuaji wa Abadzhiev hawakupiga kilele mara moja asubuhi halafu wakakimbilia matatu. Walikuwa na vipindi vifupi, nusu saa hadi dakika 45, halafu mapumziko, halafu kipindi kingine, asubuhi hadi jioni. Ukijumlisha, walikuwa na uzito na wingi pamoja, zaidi ya binadamu wa kawaida anavyoweza kubeba. Na waliweza kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Serikali iliwalipa, iliwalisha, iliwaweka kambini, kitanda hatua chache kutoka kwa chuma, daktari mlangoni. Aliyevunjika alirudi nyumbani na mwingine akaingia. Ukitazama mabingwa tu, mfumo unaonekana kama muujiza. Walioachwa njiani hawakupiga picha.

Bingwa mkubwa zaidi aliyetoka huko ni Naim Süleymanoğlu, kijana wa jamii ya Waturuki wa Bulgaria, urefu wake haufiki mita moja na nusu. Akiwa na miaka 15 alikuwa ashaweka rekodi ya dunia. Akiwa na 16 aliinua juu ya kichwa mara tatu ya uzani wa mwili wake, kitu ambacho mtu mmoja tu alikuwa amewahi kufanya kabla yake, Mbulgaria mwenzake Stefan Topurov mwaka wa 1983. Serikali ile iliyomlisha ndiyo ikambadilisha jina kwa nguvu, kwa sababu ilitaka kufuta majina ya Kituruki nchini. Desemba 1986, wakiwa Melbourne kwa mashindano, Naim akatoroka. Akaishia Uturuki. Ili aruhusiwe kushindania nchi mpya kwa Olimpiki ya Seoul 1988, Uturuki ililipa Bulgaria pesa zinazotajwa kuwa zaidi ya dola milioni moja. Akaingia Seoul kwa kundi la kilo 60, akainua kilo 152.5 kwa mkupuo mmoja na 190 kwa hatua mbili. Kilo 190! Hayo ni magunia mawili ya mahindi na bado inabaki, juu ya kichwa cha mtu anayefika kifuani kwa kaka yako. Alishinda dhahabu hiyo, ya 1992, na ya 1996.

Nasimulia habari zake kwa urefu kwa sababu nampenda, lakini pia kwa sababu zinaonyesha gharama. Mwili wa yule kijana ulikuwa mali ya serikali, hadi bei yake ilijadiliwa mezani.

Halafu kuna zile dawa, na hapa nitasema wazi. Montreal 1976, mara ya kwanza Olimpiki kupima homoni za kujenga misuli, Wabulgaria wawili wakanyang'anywa medali, Valentin Khristov na Blagoi Blagoev. Seoul 1988, mabingwa wawili wakanyang'anywa dhahabu kwa dawa ya kukojosha maji, inayosaidia kupunguza kilo haraka na kuficha dawa zingine, na timu nzima ikafunga virago. Sydney 2000, watatu tena, dawa ile ile. Mwaka wa 2015 wakashikwa 11 kwa mpigo, Bulgaria ikafungiwa nje ya Olimpiki ya Rio. Na msidhani ni Wabulgaria peke yao. Sampuli za London 2012 zilipopimwa tena miaka baadaye, kundi la wanaume wa kilo 94 lilifagiliwa hadi mtu aliyekuwa wa tano akapewa dhahabu, wa nane fedha, na wa tisa shaba. Wa tisa! Huyo wa tisa mwenyewe, Mpolandi, alishikwa na dawa kule Rio 2016.

Sisemi kwamba dawa ndizo ziliinua vyuma. Mtu mvivu akimeza dawa anabaki mvivu. Nasema kitu kidogo zaidi: dawa hizo humsaidia mtu kupona haraka kati ya tizi moja na nyingine. Ukikopi mpango wa mtu anayepona kwa masaa, wakati wewe unapona kwa siku, umekopi swali la hesabu bila kupewa kikokotoo.

Na kwa kuwa tuko Sydney, nirudi kidogo kwa vile vidude vyangu vya kilo tatu. Unyanyuaji uzani ulikuwa Olimpiki tangu Athens 1896. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka wa 1987, Daytona Beach, na Olimpiki wakaingia 2000, miaka 104 baada ya wanaume. Dhahabu ya kwanza kabisa ikaenda kwa Izabela Dragneva wa Bulgaria, kilo 48, halafu ikachukuliwa, ndiye mmoja wa wale watatu, ikapewa Tara Nott wa Marekani. Hivyo ndivyo tulivyokaribishwa. Kwa karne nzima ubishi wa uzito ama wingi ulikuwa wa wanaume, sisi tulishapewa jibu: wingi, tena mwepesi. Mkufunzi wangu wa kwanza hakuwa mtu mbaya, alikuwa anarudia tu alichofundishwa. Lakini miezi yangu sita nani atanirudishia?

Turuke bahari tena, Marekani, miaka ya sabini, kwa watunisha misuli. Huku Arnold Schwarzenegger alikuwa mfalme wa wingi: jimu mara mbili kwa siku, seti ishirini na zaidi kwa msuli mmoja. Mr. Olympia saba, sita mfululizo 1970 hadi 1975 na moja ya 1980. Mpinzani wa falsafa yake hakuwa hata mtunisha misuli. Alikuwa Arthur Jones, mtu wa ajabu, aliyewahi kuishi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akitengeneza filamu za wanyama pori, kabla ya kurudi kwao na kuanza kuuza mashine za mazoezi za Nautilus mwaka wa 1970. Jones alisema wingi wote ule ni kupoteza wakati. Seti moja, hadi usiweze tena hata kusogea, halafu nenda nyumbani ukalale.

Umeona mtego? Jones naye alikuwa anahubiri ukali, kwa Kiingereza alitumia neno lile lile la Abadzhiev. Lakini kwa Abadzhiev neno lilimaanisha kilo karibu na kilele, kila siku, mara nyingi. Kwa Jones lilimaanisha kujikaza hadi kushindwa, mara moja, kisha siku za kupumzika. Watu wawili, neno moja, mipango ambayo ni kama usiku na mchana. Ukisikia wasee wawili wakibishana kuhusu ukali hapo kwa benchi, kuna uwezekano mkubwa hata hawabishani kuhusu kitu kimoja.

Mwaka wa 1973 Jones alitangaza kwamba Casey Viator, aliyekuwa Mr. America akiwa na miaka 19 tu, ameongeza kilo 28 na zaidi za misuli kwa siku 28, tizi 14 tu, kule Colorado. Dunia ikachanganyikiwa. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba Viator alikuwa ametoka kuumia kiwandani na kuugua baada ya sindano, akakonda sana, kwa hivyo sehemu kubwa ilikuwa ni mwili wake mwenyewe ukirudi nyumbani. Na aliyepima ndiye aliyekuwa anauza mashine.

Mwanafunzi wake maarufu ni Mike Mentzer, yule mwenye masharubu anayewajia kwa simu zenu kila ukifungua TikTok. Mwaka wa 1978 alishinda Mr. Universe kwa alama kamili 300. Mwaka wa 1980, Sydney, Arnold alirudi ghafla akashinda Olympia, Mentzer akawa wa tano, akaacha kushindana akiwa na miaka 29. Kadiri miaka ilivyokwenda akazidi kupunguza wingi, hadi mwishoni alikuwa anawaambia wateja wengine waingie jimu mara moja kila siku nne hadi saba. Alifariki 2001. Aliyethibitisha kwamba njia ile inaweza kufika juu ni Dorian Yates wa Birmingham, Olympia sita mfululizo, 1992 hadi 1997, seti chache, kila moja hadi mwisho. Lakini mwaka wa 1994 msuli wake wa mkono ulichanika, na 1997 mwingine ukachanika wiki chache kabla ya ushindi wa mwisho. Arnold wa wingi na Yates wa ukali wote wamekiri hadharani kwamba walitumia homoni. Kwa hilo tu walikubaliana.

Sayansi ya siku hizi nitaipitia haraka, maana haina drama. Mwaka wa 2012 watafiti wa chuo cha McMaster, Kanada, waliwalinganisha vijana wanaoinua asilimia 30 ya kilele na wanaoinua 80, wote hadi kushindwa. Misuli ilikua karibu sawa. Nguvu ya kuinua mara moja, wale wa 80 walishinda. Mwaka wa 2019 Brad Schoenfeld na wenzake New York wakachukua wanaume 34 wenye mazoea, wiki nane, kundi moja seti moja kwa kila zoezi, lingine tatu, lingine tano. Nguvu iliongezeka karibu sawa kwa wote, na wale wa seti moja walikuwa wanamaliza kwa kama dakika 13. Ukubwa wa misuli ndio uliongezeka zaidi kwa wenye seti nyingi. Kwa hivyo ukitaka nguvu, weka uzito. Ukitaka ukubwa, weka wingi. Miaka 80 ya kutukanana, na jibu lilikuwa "unataka nini?"

Ila hata hapo, mtu atauliza: sawa, lakini ni kiasi gani? Na hapo ndipo naona sisi wa huku tunapotezwa, kwa sababu jibu liko nje ya jimu. Tuko na mfano hapa nyumbani. Eliud Kipchoge alikuwa anakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki kule Kaptagat, na nyingi zake ni za polepole. Kila mtu anaipenda hiyo namba. Hakuna anayependa ile sehemu nyingine: kwamba alikuwa anaishi kambini siku za wiki, analala mchana, hana bosi wa kumpigia simu saa mbili usiku, hapandi matatu mbili kufika nyumbani.

Nilipokuwa nakopi Bulgaria nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, nafika kazini saa mbili, natoka saa kumi na mbili jioni, jamu ya Jogoo Road, nafika kwangu saa mbili na nusu, napika, nalala saa sita. Masaa matano. Protini yangu ilikuwa mayai mawili na maharagwe ya jana. Abadzhiev mwenyewe angeniona angenirudisha nyumbani siku ya kwanza. Roho ngumu nilikuwa nayo, tena sana. Usingizi ndio sikuwa nao.

Naandika haya yote kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Yuko na miaka 17, anapiga tizi na ile mikebe ya simiti hapo nyuma ya ploti, na mwezi uliopita alianza kuniambia habari za "kilele kila siku." Nilicheka kwanza. Sikucheka aliponionyesha vidonge, kumi na viwili ndani ya karatasi ya plastiki bila jina, alivyouziwa na jamaa wa jimu, "za kukusaidia kurikava." Elfu moja na mia mbili, pesa ya kazi ya mkono wikendi mbili. Karatasi ya plastiki, bila jina.

Tulibishana usiku mzima. Aliniambia mimi niliumia kwa sababu ni msichana. Nikamsomea orodha ya Montreal, Seoul, Sydney, Rio, nikamwambia hao walikuwa na madaktari wa serikali na bado, wewe uko na nani? Akanyamaza. Vidonge tulivimwaga chooni, ingawa pesa yake anaililia hadi leo na mimi ndiye nimeahidi kurudisha nusu.

Tukakubaliana kitu kimoja, cha Kisovieti. Nilimnunulia daftari la shilingi hamsini, likachorwa safu tatu: kilo, marudio, na masaa aliyolala. Siku tatu kwa wiki. Ikiwa safu ya mwisho iko chini ya saba, zile mbili za kwanza zinashuka. Juzi nilifungua nikaona mwandiko wake: skwati, mikebe miwili mikubwa, tano kwa tatu. Usingizi: 8. Jana alikuwa na mtihani, akasoma hadi usiku wa manane. Usingizi: 4. Leo asubuhi nimempata ameshika bomba, ananiangalia kama anaomba ruhusa. Nimemwambia arudi akalale.